Je, wajua kwa nini herufi nyingi za Kichina si picha?

Anayeanza Kichina huonyeshwa kwanza 山, mlima wenye vilele vitatu, kisha 木, mti na matawi yake, kisha 日, jua. Akitoka hapo huamini kwamba maandishi yote ya Kichina ni michoro, na kwamba kujifunza ni kuitazama kila herufi mpaka kitu kijitokeze. Imani hii imeenea mno, na huwachosha wanafunzi bure. Chukua 请, inayosomwa qǐng, herufi ya kuombea na kualikia. Itazame utakavyo, hutaona mtu anayeomba. Hakuna picha humo, na wala haikukusudiwa iwepo.

Ni kweli kwamba mwanzoni picha zilikuwa na kazi kubwa. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, karibu na mji wa leo wa Anyang, watu walichonga maandishi kwenye magamba ya kobe na mifupa ya ng'ombe. Lakini hata humo mchoro wa ngano ulikwisha kuazimwa kuandikia tendo la kuja, kwa sababu tu matamshi yalifanana. Utamchoraje mtu anayekuja, au hisia, au ombi? Sauti ndiyo iliyofungua njia.

Fikiria Kiswahili kingekuwa na alama moja isomwayo “paa”. Ukiweka kando yake alama ndogo ya nyumba, msomaji anajua ni paa la bati au makuti. Ukiweka alama ya mnyama, ni yule paa wa porini. Ukiweka bawa, ni ndege anapaa. Ukiweka samaki, ni kupaa samaki, yaani kumtoa magamba. Alama kubwa haionyeshi kitu chochote: inakupa matamshi. Ile ndogo nayo haikuambii maana yote, inakuelekeza tu uitafute upande gani.

Ndivyo 青 inavyofanya kazi. Peke yake ni qīng, rangi ya kijani au buluu. Ikipata maji (氵) inakuwa 清, safi na angavu. Ikipata jua (日) ni 晴, hali ya hewa isiyo na mawingu. Ikipata moyo (忄) ni 情, hisia. Ikipata usemi (讠) ni 请 yetu. Zote nne husomwa qing, na zinapotofautiana ni kwa toni tu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Mwanazuoni Xu Shen, aliyekamilisha kamusi yake ya herufi 9,353 karibu na mwaka 100 baada ya Kristo, tayari alikuwa na nyingi za namna hii kuliko za picha.

Kuna tahadhari. Matamshi yamebadilika kwa karne nyingi, maandishi yakabaki nyuma. Jicho (目) likikaa kando ya 青 tunapata 睛, lakini inasomwa jīng. Na 猜, yenye 青 ileile, inasomwa cāi. Maana yake, ajabu, ni kukisia. Kwa hiyo sehemu ya sauti ni ya kuaminiwa kwa kiasi, na kamusi haiepukiki.

Hata hivyo mkono hunufaika mara moja. 请 ina mistari 10, lakini anayeijua 青 haandiki vitu 10, anaandika viwili: kwanza usemi upande wa kushoto, mistari 2, kisha 青 kulia, mistari 8. Humo huanza mistari miwili ya kulala, unafuata wa wima unaoikata, ndipo wa tatu wa kulala, kisha sehemu ya chini. Katika maandishi ya jadi, yanayotumika Taiwan na Hong Kong, usemi huandikwa kwa ukamilifu, 言, na jumla inafika mistari 15.

Katika matumizi, 请 hutangulia tendo: 请坐, karibu uketi, 请问, samahani naomba kuuliza. Ikiungana na mgeni, 请客, ni kukirimu watu, na aliyealika ndiye anayelipa. Kwenye simu watu huandika “qing” kwa herufi za Kilatini, kisha huchagua katika safu inayojitokeza, ambamo 请, 情, 清 na 晴 husimama pamoja. Hapo sauti haisaidii tena, kwa kuwa zote zinayo. Jicho hutafuta ile alama ndogo ya kushoto.