Petroli kwenye maji ya kunywa: tunayoyaamini Mwanza, na yalivyo kweli

"Maji ya kisima ni safi kuliko ya ziwa." Kwa macho, sawa: ya ziwani yana mwani, ya kisimani yanang'aa. Ila kwa kemikali zinazopaa upesi, kama benzini iliyomo kwenye petroli, mambo hugeuka. Mvuvi akimwaga petroli kidogo anapojaza mashine ya boti pale Kirumba, jua na upepo huichukua sehemu kubwa. Ikivuja kwenye tangi lililofukiwa ardhini, haina pa kupaa. Na huku kwetu kwenye mawe, maji ya chini hupita kwenye nyufa za miamba ambazo hazichuji chochote. Kisima jirani na kituo cha mafuta au gereji kitilie shaka, hata kama maji yake ni meupe pe.

"Ingekuwepo tungesikia harufu." Hii ndiyo inayoponza wengi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzini kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Pua huanza kuinusa majini ikifika kama miligramu 10, yaani mara 1,000 ya kikomo hicho. Wala haikuharishi kesho yake ukashtuka; ni kemikali inayosababisha saratani ya damu, na ugonjwa huo huchukua miaka kujitokeza.

"Chemsha tu." Chemsha, kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini benzini hupaa na mvuke, na kwenye jiko la ndani lisilo na dirisha anayeivuta ni mpishi. Vidonge vya klorini haviigusi kabisa. Inayoinasa ni chujio la mkaa maalumu (si huu wa kupikia), nalo hujaa na kutaka kubadilishwa.

"Basi hata klorini ya bombani ni sumu." Kweli, ikikutana na mabaki ya mwani huzaa klorofomu kidogo, ambayo kikomo chake ni mikrogramu 300 kwa lita. Shirika hilohilo linasema kuua vijidudu kusilegezwe kwa sababu hiyo, nami naliunga mkono.

"Dumu la petroli ukilisugua linafaa." Nenda mwaloni ulione: la njano, lita 20, limesuguliwa kwa mchanga na sabuni ya unga mpaka maandishi yamefutika. Plastiki hiyo imeshakunywa petroli, na itairudisha taratibu kwenye maji utakayoyatia, hasa dumu likishinda juani. Likate ufanye kopo la kutolea maji kwenye mtumbwi.