Fulana moja, dakika nane

Kazi yangu ni kukokotoa gharama za nguo kiwandani. Nikishika fulana, vidole vinahesabu mishono kabla macho hayajaona rangi: mabega, shingo, mikono, ubavuni, pindo. Fulana ya kawaida isiyo na kola naipa kama dakika nane za cherehani.

Tuipeleke hesabu hiyo Bangladesh, zinakotoka fulana nyingi, za dukani na hata za mitumba tunazopekua Gikomba. Tangu Desemba 2023 kima cha chini cha mshahara wa viwanda vya nguo huko ni taka (sarafu ya huko) 12,500 kwa mwezi. Gawanya kwa saa 208, yaani siku 26 za saa nane nane: ni taka moja hivi kwa dakika. Tuseme laini, yaani safu ya mafundi wanaopokezana nguo, inakwenda nusu ya kasi inayotakiwa, dakika nane ziwe 16. Fulana nzima imeshonwa kwa taka 16, ambazo hazifiki senti 15 za dola. Fundi huyo akilipwa mara mbili, na bei ya fulana huko London ikiongezwa kiasi hicho hicho, mnunuzi hatakihisi mfukoni.

Kwa nini basi fundi haongezwi? Kwa sababu mwenye oda ndiye mwenye usemi. Kiwanda kikidai senti tano zaidi, oda inahamia kwa jirani. Mzigo ukichelewa, mara nyingi kiwanda ndicho kinacholipia ndege ya kuuwahisha. Nimekaa kwenye meza hizo; meneja akisikia neno "ndege" anabadilika uso.

Siwezi kuitenganisha hofu hiyo na Rana Plaza, jengo lililokuwa na viwanda vya nguo kule Savar, karibu na Dhaka. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana kwenye jengo. Benki na maduka ya chini yakafungwa. Kesho yake mafundi wa ghorofa za juu wakaamriwa warudi kwenye vyerehani, na jengo likawaangukia. Walikufa watu 1,134.

Wengi walisema tususie nguo za huko. Uchungu wao naujua, lakini sikubaliani nao hata kidogo. Yule dada aliyetoka kijijini kuja kushona Dhaka, oda ikiondoka, mshahara wake umeondoka nayo. Kilichosaidia ni mkataba wa Mei 2013 kati ya vyama vya wafanyakazi na kampuni za nguo, ambazo baadaye zilizidi 200. Haukuwa ahadi ya hisani: kampuni ikiukiuka, inashtakiwa. Wahandisi wakaingia viwandani kupima nguzo, nyaya na milango ya dharura, na kampuni zikabanwa kuhakikisha fedha za matengenezo zinapatikana.

Ila mkataba ule ulihusu majengo na moto, mishahara haukuigusa. Kwa hiyo kampuni inaponiambia kiwanda chake ni salama, nashukuru, kisha naendelea kuuliza: dakika ya fundi mmeilipa ngapi, na oda mliitoa siku ngapi kabla ya meli kuondoka?