Diski Ikikataa Kuformatiwa, Usiilazimishe

Ukiandika `mkfs.ext4 /dev/sdb1`, amri ya kuformati kwa ext4 (mfumo wa faili wa Linux), huku fleshi bado imepachikwa (mounted, yaani imeunganishwa na folda ili faili zake zitumike), programu hugoma papo hapo. Wengi huona ni usumbufu tu, wakakimbilia chaguo la `-F` ili kuilazimisha. Tunawasihi msifanye hivyo.

Mfumo wa faili ukishapachikwa, hali yake kamili haiko kwenye diski peke yake. Kerneli, yaani kiini cha Linux, huweka ndani ya RAM ramani ya bloku zilizo wazi, taarifa za faili, na data ambayo bado haijaandikwa, ikiamini kwamba hakuna mwingine anayeigusa diski hiyo. Tuseme umeendesha `e2fsck`, programu ya kukagua na kurekebisha ext4, katika hali hiyo: itasahihisha ramani iliyo kwenye diski, kisha baada ya muda mfupi kerneli itaandika ramani yake ya zamani juu ya ile iliyosahihishwa. Bloku moja yaweza kuishia kudaiwa na faili mbili, na kila moja ikiandikwa inaharibu nyingine. Mara nyingi siku hiyo huoni kosa lolote. Unaligundua baadaye, pengine baada ya nakala rudufu nazo kubeba faili mbovu.

Tangu Linux 2.6, programu inaweza kuomba diski iwe yake peke yake kwa kutumia alama ya `O_EXCL` inapoifungua. Ikiwa imepachikwa, kerneli hujibu `EBUSY`, yaani inatumika. Lakini kinga hiyo ni kwa programu iliyoiomba. `dd`, amri ya kunakili data moja kwa moja kwenye diski, kwa kawaida haiombi: ukikosea herufi moja ukaandika `of=/dev/sda`, itafuta diski yenye mfumo unaoutumia bila kukuuliza. Linux 6.8 ya mwaka 2024 ilileta mpangilio wa kuzuia uandishi wa namna hiyo, `CONFIG_BLK_DEV_WRITE_MOUNTED`, ila kwa chaguo-msingi bado unaruhusiwa, kwa sababu zana kama `tune2fs`, ya kubadilisha mipangilio ya ext4, huhitaji kuandika kwenye ext4 iliyopachikwa. Windows ina msimamo mkali zaidi: kuanzia Vista, programu haiwezi kuandika moja kwa moja kwenye sekta za mfumo wa faili uliopachikwa mpaka iufunge (lock) au iupachue.

Kabla ya kuformati, endesha `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,MOUNTPOINT`. Itambue diski kwa ukubwa na modeli, si kwa herufi, maana iliyokuwa `sdb` leo yaweza kuwa `sdc` ukiichomeka tena. Kisha `sudo umount /dev/sdb1`. Ukijibiwa `target is busy`, tumia `sudo fuser -vm` pamoja na njia ya folda ilipopachikwa, uone nani ameishikilia. Aghalabu ni temino yako mwenyewe iliyosimama ndani ya folda hiyo, na `cd ~` inatosha. Usitumie `umount -l`. Jina litatoweka kwenye orodha ya vilivyopachikwa, lakini mfumo wa faili utaendelea kuwa hai mpaka faili ya mwisho ifungwe, na zana inayotegemea orodha hiyo itadanganyika.

Patisheni ya mfumo wenyewe haipachuliki ukiwa ndani yake. Kwenye menyu ya GRUB, inayotokea kompyuta inapowaka, bonyeza `e`, ongeza `fsck.mode=force` mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, kisha bonyeza Ctrl+X; kwenye mifumo inayotumia systemd (programu inayowasha huduma za Linux), ukaguzi utafanyika wakati wa kuwaka. Kuikuza ext4 kwa `resize2fs` kunawezekana ikiwa imepachikwa. Kuipunguza hakuwezekani: ipachue kwanza, uikague kwa `e2fsck -f`, na kama ndiyo patisheni ya mfumo, washa kompyuta kwa fleshi ya Linux.