Rektifaya ya mashine ya boti ni nini?

Rektifaya ni kidude kidogo kilichofungwa kwa bolti ubavuni mwa injini, chenye waya tatu au nne. Kinaugeuza umeme unaotoka kwenye mashine uwe wa aina ambayo betri inaweza kuupokea.

Ndani ya flaiwili (gurudumu zito linalozunguka juu ya injini) kuna sumaku, chini yake kuna koili, yaani waya uliosokotwa. Flaiwili ikizunguka, koili zinatoa umeme wa AC, unaokwenda na kurudi. Betri inataka DC, unaokwenda upande mmoja tu. Rektifaya ina daiodi, aghalabu nne, nazo hufanya kazi kama vali ya tairi la baiskeli: kinaingia, hakirudi.

Kinachowazuga wengi ni kwamba rektifaya ikifa, mashine inaendelea kuunguruma vizuri tu. Zile za zamani, za kuchanganya oili na petroli, cheche ya plagi ina koili yake na haitegemei betri. Kwa hiyo mtu anatoka Mikindani mpaka Msimbati na kurudi bila shida, kesho yake akigusa stata inalia "tik" na kunyamaza. Lawama zote kwa betri. Inanunuliwa mpya, na baada ya muda mfupi yanakuwa yale yale.

Kabla ya kutoa hela, azima mita. Betri iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Sasa washa mashine (ikiwa majini, usiiwashe kavu ukaua pampu ya maji) na uipandishe moto (mzunguko) kidogo, maana kwenye sailensa (mzunguko wa chini kabisa) mashine hizi hazichaji cha maana. Namba ikipanda mpaka 13.5 au 14 na kitu, chaji ipo. Ikiganda kwenye 12.4 au kuzidi kushuka, haipo.

Hata hapo usiihukumu rektifaya bado. Chumvi ya pwani yetu haina huruma: kagua vichwa vya betri, fyuzi, na waya wa hasi pale unapofungwa kwenye injini. Ukiona unga wa kijani, kwangua mpaka shaba ing'ae, kisha pima tena. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Isipokwisha, chomoa waya za rektifaya, weka mita kwenye alama ya daiodi, na upime kati ya kila waya wa koili na waya mwekundu, kisha kati ya kila waya wa koili na hasi. Upande mmoja isome kama 0.5, ukigeuza ncha za mita isisome kitu. Ikipitisha kote kote, imeshoti, na inaweza kuinyonya betri usiku kucha mashine ikiwa imezimwa. Isipopitisha popote, imekatika. Rektifaya ikiwa nzima na chaji bado haipo, mgeukie koili.

Vinavyoiua ni viwili hasa. Kufunga betri kinyume, chanya kwa hasi, huiua papo hapo. Cha pili ni kuchomoa betri mashine ikiwa inawaka, tabia inayopendwa na wenye betri moja kwa boti mbili.

Mashine nyingi za zamani hazina kidhibiti cha volti. Ukienda moto mwingi kwa muda mrefu betri ikiwa imejaa, volti hupita 15 na maji ya betri yanapungua. Ndiyo maana betri ya maji inazifaa kuliko ile iliyozibwa, ili mradi unafungua vifuniko na kuongeza.

Na kwa wavuvi wa dagaa: taa za jumla ya wati 60 kwenye betri ya volti 12 zinakula ampea 5, kwa saa nane ni ampea-saa 40. Mashine ya zamani hutoa kama ampea tano au sita, tena ikiwa moto mkubwa. Safari ya saa moja kurudi Msangamkuu haiwezi kulilipa deni hilo hata rektifaya ikiwa mpya dukani. Betri ya taa itafutiwe chaja ya nyumbani au paneli ya sola.