Julai si dhamana ya njia kavu Sierra Nevada

Wengi wanaopanga safari ya kutembea na kulala hemani katika milima ya Sierra Nevada, California, hutazama kalenda tu: Julai ni kiangazi, basi theluji imekwisha. Si lazima. Mwaka 2023, baada ya majira ya baridi yenye theluji nyingi mno, barabara ya Tioga inayokatiza hifadhi ya Yosemite ilifunguliwa Julai 22. Na hiyo ni barabara yenye mitambo ya kuondoa theluji. Njia ya miguu ya Forester Pass, kipito cha mlimani katika safu hiyo hiyo, takriban mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, haina wa kuisafisha.

Tena theluji yenyewe si ya kuogopwa kama maji yake. Mwamba wa graniti wa milima hii, tofauti na udongo, haunyonyi maji. Jua la mchana likiiyeyusha theluji, vijito hufura haraka. Kijito kilichokufika magotini asubuhi kinaweza kukufika kiunoni jioni, maji ni ya barafu na mkondo unakung'oa miguu. Ndiyo maana wazoefu hupiga kambi upande wa huku, wakavuka alfajiri.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia, tazama vipimo vya theluji vya Aprili 1, ambavyo California huvitumia kukadiria maji ya mwaka. Weka siku ya akiba, na chakula chake. Kinachowaponza wengi, kwa maoni yangu, ni kibali cha kulala milimani: mtu amekipata kwa taabu, sasa anaona haya kugeuza.