Fyuzi ya amplifaya: yanayosemwa na ukweli wake

Msimu wa harusi ukianza Unguja na Pemba, amplifaya hufanya kazi usiku kucha, na fyuzi ikikatika kila mtu ana ushauri wake. Mwingi unaishia kuunguza chombo.

"Ya ampea 3 imekatika, tia ya 5 haitokatika tena." Kweli haitokatika upesi, ila badala yake itaungua transfoma. Fyuzi haikatiki pale pale namba yake inapofikiwa. Kwa kiwango cha kimataifa cha fyuzi ndogo, IEC 60127, fyuzi ya T3.15A (ya taratibu, ampea 3.15) ya milimita 5 kwa 20 hutakiwa kuvumilia karibu ampea 4.7 kwa saa nzima, na ikifika takriban 6.6 ikatike ndani ya dakika 2. Nafasi hiyo mtengenezaji ameshaihesabu. Ukitia ya 5, mpaka wa kukatika unasogea hadi ampea 10.5. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ambayo bado wapo wanaoitumia badala ya fyuzi, haina mpaka wowote.

"Namba zikilingana, ni ileile." Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu hawasomi herufi zilizochapwa kwenye kofia ya chuma. Chukua T3.15AL250V. T ni fyuzi ya taratibu, F ni ya haraka. Transfoma kubwa, hasa ya mviringo, ikiwashwa huvuta mkondo mara nyingi kuliko wa kawaida kwa muda mfupi sana, huku kapasita (vihifadhi umeme) nazo zikijaa. T huuvumilia. F yenye namba hiyohiyo hukatika ukibonyeza swichi tu, au waya wake huchoka kidogo kidogo ukakatika siku nyingine katikati ya wimbo. Hapo mtu husema amplifaya ina shoti, akaanza kufungua transista zisizo na kosa. Kinyume chake pia ni hatari: palipoandikwa F usitie T, itachelewa kukatika.

L kwa kawaida ni ya kioo. H ni ya kigae, ndani ina mchanga unaozima cheche shoti kubwa inapotokea. H inaweza kukaa mahali pa L ikiwa mengine yote yanalingana, lakini L haikai mahali pa H, kwani kioo kinaweza kupasuka.

Za gari nazo ziacheni garini. Nyingi ni za volti 32, na kwenye umeme wetu wa volti 230 cheche inaweza kuendelea kuruka hata waya ukishakatika.

"Uliyoikuta ndani ndiyo sahihi." Si lazima, hasa kwa mtumba uliopita mikono mingi. Fuata maandishi ya nyuma ya chombo. Amplifaya yenye swichi ya kubadili volti huweza kuandikwa T6.3A kwa 120 na T3.15A kwa 230: nguvu ni ileile, mkondo ni nusu. Ukibadili volti, badili na fyuzi. Ile ya ampea 13 kwenye plagi hulinda waya wa umeme, haiilindi amplifaya.

"Ikikatika, tia nyingine." Kwanza tazama kioo. Kikiwa cheupe na waya una pengo dogo, huenda imechoka tu. Jaribu mpya moja. Kikiwa cheusi au kimepakwa rangi ya fedha, kuna shoti, usitie nyingine. Chomoa plagi, hakikisha kwa mita kwamba kapasita zimeisha umeme, kisha pima rektifaya (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC) na transista za kutolea sauti. Ukiwasha tena, chomoa spika na uunge balbu ya waya ya wati 100 (si ya LED) kwa mfuatano kwenye waya wa moto. Ikiwaka kwa nguvu mara moja kisha ikafifia, salama. Ikibaki inawaka vivyo hivyo, shoti bado ipo.

Kwa nyumba za pwani, kagua pia kishikio cha fyuzi. Hewa ya chumvi hukitia kutu, mguso hafifu huzaa joto, na fyuzi nzima hukatika kabla ya mkondo wake. Kofia iliyobadilika rangi ni dalili. Safisha kwa spiriti, na kama vibanio vimelegea badilisha kishikio. Usiichomelee fyuzi kwa risasi.