Kaseti na katriji ni vitu viwili

Mwezi uliopita kijana mmoja wa soko la Gikomba, Nairobi, ambaye huniwekea vitu vya zamani vikipita mikononi mwake, alinipigia simu jioni. "Mzee, nimekupatia kaseti 32 za kompyuta. Za miaka ya themanini. Ziko safi kabisa." Asubuhi nilidandia matatu ya kwanza kutoka Umoja, nimebeba redio kaseti ndogo ya betri, kwa sababu silipi kabla sijasikiliza. Alipofungua gunia nikakuta vibweta vya plastiki vya njano, vyekundu na bluu, kila kimoja na meno ya shaba mdomoni. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na kanda. Zilikuwa katriji za zile mashine za kuchezea gemu kwenye televisheni, zilizotengenezwa kwa kuiga Famicom ya Nintendo.

Kijana hakunidanganya. Kwao nyumbani ziliitwa kaseti, na hata mtaani kwetu ziliitwa hivyo. Lakini hii ni mara ya nne mwaka huu, na mara moja kati ya hizo nilifika hadi Thika. Kwa hiyo naandika.

Kaseti ni kikasha cha plastiki chenye kanda ya sumaku iliyozungushwa kwenye vigurudumu viwili, na programu imerekodiwa juu ya kanda hiyo kama sauti. Katriji ni kikasha cha plastiki chenye chipu, na programu imewekwa ndani ya chipu hiyo kiwandani. Ya kwanza husikilizwa, ya pili huchomekwa. Maana yenyewe imeishia hapo.

Kinachonikaa moyoni zaidi ni majina. Neno kaseti tulilipata kwa Waingereza, nao walilitoa kwa Wafaransa, ambao cassette kwao ni kijisanduku, kama kile mama anachofungia mikufu yake. Mzizi ni capsa ya Kilatini, yaani sanduku. Sasa capsa hiyohiyo iliingia Kireno ikawa caixa, na Wareno walipokuwa pwani yetu, enzi zile za Fort Jesus, wakatuachia neno kasha. Kasha na kaseti ni ndugu, basi. Mmoja alishuka Mombasa kutoka merikebuni, mwingine akaja karne kadhaa baadaye ndani ya redio. Hata keshi unayomlipa kondakta ni ya ukoo huo, kwani neno hilo lilikuwa kwanza jina la sanduku la hela kabla halijawa jina la hela zenyewe.

Katriji ni ya ukoo mwingine kabisa. Kiingereza kililitoa kwenye cartouche ya Kifaransa, ambayo ilitoka kwenye cartoccio ya Kiitaliano, yaani karatasi iliyoviringwa. Askari wa zamani walifunga baruti na risasi ndani ya karatasi, kipimo cha mlio mmoja, ili wakati wa vita wasihangaike kupima. Cartoccio ilizaliwa na carta, carta ikazaliwa na charta ya Kilatini, na charta ilitoka kwa Wagiriki, waliosema khartes. Wagiriki haohao waliwapa Waarabu neno lililokuja kuwa qirtas, nalo likavuka bahari likawa karatasi yetu. Halafu Wareno, kwa njia yao, wakatuletea carta ya kuchezea, tukaiita karata. Yaani karatasi unayoandikia, karata unazochanganya na katriji unayochomeka zote zina babu mmoja, na kila moja ilifika kwetu kwa bandari yake.

Sielezi haya kwa kujionyesha. Ukisikia majina haya yalikotoka, unaona kila kifaa kilivyofanya kazi. Katriji ya bunduki ilikuwa kipimo kilichokwisha kuandaliwa: unasukuma, unapiga. Katriji ya gemu ni hivyohivyo. Ukiichomeka na kuwasha mashine, gemu iko mbele yako kabla hujakaa vizuri, kwa sababu mashine inasoma chipu ile kama sehemu ya mwili wake. Kaseti ni kasha. Lazima lifunguliwe na vilivyomo vitolewe kimoja kimoja, na wewe usubiri.

Najua hoja itakayoletwa hapa, na ni hoja nzuri. Kama kaseti maana yake ni kijisanduku tu, katriji nayo si kijisanduku? Ni kweli. Tena Wajapani wenyewe, Famicom ilipotoka mwaka 1983, waliziita katriji zake kasetto, na mpaka leo wanaziita hivyo. Kwa hiyo anayeziita kaseti ana wenzake wengi, na wengine wao wako kulekule mashine ilikozaliwa.

Lakini katika Kiswahili chumba hicho kilikwisha kupangishwa. Philips walitoa kaseti yao mwaka 1963, na kufikia miaka ya themanini hakuna aliyehitaji kuelezwa neno hilo Nairobi. Benga iliuzwa River Road kwa kaseti. Taarabu ilipanda basi kutoka Mombasa kwa kaseti. Mahubiri, hotuba za harusi, barua za sauti kwa ndugu aliye ng'ambo, vyote vilikuwa ni kaseti. Mtu wa rika langu akisikia neno hilo, kidole chake kinakumbuka kalamu ya Bic ikizungushwa kwenye tundu ili kuvuta kanda iliyolegea. Ukimwita mtu huyo aje achukue kaseti halafu umpe chipu, umempa kitu kingine.

Mimi nilikutana na kaseti ya kompyuta mwaka 1986, mjomba aliporudi kutoka masomoni Uingereza na kompyuta ya ZX Spectrum ndani ya sanduku la nguo. Haikuhitaji transfoma ya ziada. Umeme wetu ulikuwa wa volti 240 kama wa kwao, na plagi ni ileile ya miguu mitatu. Aliiunganisha na televisheni, akachukua redio kaseti ya shangazi, akaunganisha waya kwenye tundu la kusikilizia, akaandika amri ya LOAD na alama mbili za kunukuu, kisha akabonyeza kitufe cha kuchezea kanda. Ukingo wa televisheni ukaanza kutembea mistari minene ya nyekundu na samawati. Halafu ikaja mistari myembamba ya njano na bluu, na ule mlio ambao aliyewahi kuusikia hausahau, kama nzige wengi wanaosaga kitu kwa pamoja. Picha ikaanza kujichora kutoka juu, mstari kwa mstari. Tulisubiri karibu dakika 5.

Dakika hizo zina hesabu yake. Programu yote ni biti, yaani namba 0 na 1, na katika Spectrum biti ya 1 ni wimbi la sauti lenye urefu mara mbili ya wimbi la biti ya 0. Hakuna zaidi ya hapo: mawimbi mafupi na marefu, elfu na mia kadhaa kwa sekunde. Ukijaza kilobaiti 48 kwa mwendo huo, huwezi kukwepa dakika 4 na zaidi. Na kwa kuwa kila kitu ni sauti, kila kinachoharibu sauti kiliharibu programu. Ukiongeza sauti kupita kiasi, inakataa. Hedi ya redio, kile kinachosoma kanda, ikiwa imeinama kidogo, inakataa. Mafundi wa redio wanaijua ile skrubu ndogo kando ya hedi. Robo mzunguko wa bisibisi unatosha kuokoa gemu au kuipoteza. Mara ngapi tulisubiri dakika 4 na nusu kisha tukaandikiwa "R Tape loading error" chini ya kioo, tukarudisha kanda mwanzo!

Kwa sababu ni sauti, programu iliweza kupita popote sauti inapopita. Uholanzi, kipindi cha redio cha Hobbyscoop kilitangaza programu hewani, wasikilizaji wakizirekodi nyumbani kwa kaseti. Belgrade, mtangazaji Zoran Modli alifanya hivyohivyo katika kipindi chake cha Ventilator 202 kuanzia 1983. Jaribu kurusha katriji hewani.

Na kwa sababu ni sauti, mwenye redio ya deki mbili angeweza kujitolea nakala. Katriji hukuweza kuinakili nyumbani, ilihitaji kiwanda na chipu. Ndiyo maana pia kaseti zilikuwa rahisi: Uingereza kampuni ya Mastertronic iliuza gemu kwa pauni 1.99. Ndiyo maana zilikuwa nyingi ajabu, maana kijana mwenye kompyuta na redio chumbani kwake angeweza kuandika gemu na kuipeleka ikatolewe. Matthew Smith aliandika Manic Miner, ile ya mwaka 1983, akiwa bado hajafika miaka 20. Kwa anayekusanya, maisha ya kaseti na ya katriji hayafanani hata kidogo. Katriji nyingi nilizopata zikiwa zimekufa zilifufuka kwa pamba na spiriti kwenye meno yake. Kaseti huota ukungu mweupe kandokando ya kanda, hasa ikiwa imekaa pwani; kile kipande cha sponji kinachoibana kanda kwenye hedi hubanduka; na sumaku yenyewe hufifia pole pole. Kwa hiyo ukipata kaseti, kitu cha kwanza ni kuirekodi yote kwenye laptopu kama faili ya sauti ya WAV, pande zote mbili, hata upande unaoonekana mtupu. Katriji inaweza kusubiri wikendi.

Kifo kinachonisikitisha kuliko vyote, hata hivyo, kinaletwa na mikono yetu. Mtu ananunua boksi la kaseti, anaweka moja kwenye redio, anasikia mlio ule wa nzige, anasema imeharibika. Anaziba vile vitundu vya juu kwa selotepu ili ikubali kurekodiwa, halafu anarekodi juu yake. Ninayo nyumbani kasha lenye picha ya gemu ya Jet Set Willy, na kaseti yake halisi imo ndani. Upande wa kwanza ni kwaya ya kanisa, wanaimba vizuri sana. Upande wa pili ni mahubiri mpaka kanda inaisha.

Sasa kuna kosa la pili, la waliokwisha kujifunza nusu. Wao husema kaseti ni za kompyuta na katriji ni za konsoli, zile mashine za kuchezea gemu tu. Hapana. Commodore 64, Atari 800, TI-99/4A na kompyuta za MSX zote zilikuwa na tundu la katriji. Hata Spectrum ilipewa lake mwaka 1983, kwa kifaa kilichoitwa Interface 2, lakini katriji ile ilichukua nafasi ya chipu ya mashine yenyewe, ambayo ni kilobaiti 16 tu, basi zikatolewa gemu 10 na mambo yakaisha hapo. Ukiiona moja mahali, nipigie. Kwa upande mwingine, hata IBM PC ya kwanza, ya mwaka 1981, ilikuwa na tundu la kaseti nyuma. Na katriji za gemu zenye chipu zilianzia kwenye Channel F ya Fairchild, mwaka 1976, kwa timu iliyoongozwa na Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi ambaye jina lake lingefaa kujulikana na kila mtoto wa hapa anayeshika kidude cha kuchezea. Kwa hiyo usiangalie mashine, angalia kilichomo ndani ya kikasha.

Diski sizigusi. Hazijawahi kunipeleka Thika.

Pale Gikomba sikukasirika, na sikuondoka mikono mitupu. Nilinunua katriji 6, nikatoa ile redio yangu ndogo na kaseti ya Spectrum niliyokuwa nayo mfukoni, nikaichezesha palepale juu ya gunia. Watu wa vibanda vya jirani waligeuka. Kijana alisikiliza kwa makini, akaitoa, akachungulia kwenye kidirisha ile kanda ya kahawia, kisha akaokota katriji moja na kuigeuza-geuza mkono wa pili.

"Kumbe hii ni ya kuzunguka, na hii ni ya kuchomeka," akasema.

Nikamwambia ndivyo. Ile ya kuzunguka iite kaseti, ile ya kuchomeka iite katriji, na kama jina likikuponyoka kwenye simu, niambie tu kama inazunguka.

Juzi alinipigia. Ana boksi dogo kutoka kwa mzee mmoja anayehama Ngara, vitu 11, na vyote vinazunguka. Alikwishaweka kimoja kwenye redio ya jirani akanishikia simu karibu na spika. Walikuwa nzige.